Wiki Mbili za Filamu Ile

Sauti ndiyo iliyomfikia kwanza, kabla ya sura.

"Dada, samahani. Nimechelewa, au bado mnapima?"

Miwani alikuwa ameupa mlango mgongo, ameinamia mashine ya kusagia vioo. Aliposikia maneno hayo mkono ulimteleza, na kioo cha mteja wa jana kikapata mkwaruzo wa kukitupa. Hakugeuka. Alibaki ameinama vilevile, moyo unamwenda mbio kama wa mtu aliyeitwa jina lake mahali asipotarajia kujulikana.

Miaka kumi na moja! Sauti ilikuwa imeongezeka uzito kidogo chini, lakini ilikuwa ileile, ya mtu aliyezoea kusema polepole gizani ili asiwasumbue wanaotazama.

"Karibu," alijibu, akiibana sauti yake mwenyewe. "Kaa hapo kwenye kiti kirefu. Nakuja."

Alizima mashine, akapangusa mikono kwenye koti lake jeupe, akapangusa tena ingawa ilishakauka. Kwenye chumba cha nyuma, mlango ukiwa wazi, baba yake alikuwa amekaa na redio yake ndogo akisikiliza habari. Mzee alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na mtaa mzima bado ulimwita Mwalimu. Siku hizi macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, akisubiri zamu ya kupasuliwa, na kwa kuwa hakupenda kubaki nyumbani peke yake, binti yake alimleta dukani kila asubuhi.

Miwani alivuta pumzi, akageuka.

Alikuwa yeye. Mvi zimemwingia pembeni mwa kichwa, shati la mikono mirefu limepigwa pasi kwa uangalifu wa mwanaume anayejipigia mwenyewe. Alimtazama Miwani moja kwa moja, akatabasamu tabasamu la adabu, lile la kumpa mtu yeyote.

Hakumtambua!

"Matatizo gani unayapata?" aliuliza, akijifanya anatafuta kalamu.

"Kila kitu ni ukungu, dada. Watu nawajua kwa mwendo na kwa nguo. Juzi nimemsalimia mlinzi wa kazini kwa heshima zote, nikamuulizia na watoto, kumbe ni koti limetundikwa."

Kicheko kilitaka kumtoka Miwani, akakimeza. "Kazi yako ni ipi?"

"Nahariri picha kwenye kituo cha televisheni. Kutwa nzima natumbulia kioo macho. Nimehamishiwa huku mwezi uliopita." Akasugua macho kwa kidole. "Zamani nilikuwa naendesha mitambo ya sinema. Pale jumba la zamani, ambapo sasa wanauza vigae."

"Napajua," alisema Miwani.

Angeachaje kupajua?

Hapo ndipo walipokutana, mwaka ule yeye akiwa bado mwanafunzi wa chuo. Lilikuwa jumba la viti vyekundu vilivyochanika, feni mbili zinazolia, na skrini yenye doa pembeni ambalo katika kila filamu liligeuka kuwa kitu kingine, mara wingu, mara ndege. Kijana wa mitambo alikaa juu, katika chumba chembamba kisicho na dirisha ila lile tundu la kupitishia mwanga. Wenzake walimwita Giza kwa sababu hiyo. Yeye walimwita Miwani tangu darasa la pili, na jina halikuhitaji maelezo. Ila Giza peke yake ndiye aliyeliongezea neno. Alimwita Miwani yangu.

Na filamu iliyowakutanisha ilikuwa Majirani wa Ghorofa ya Tatu.

Ilioneshwa wiki mbili, na Miwani aliiona mara tisa. Ilihusu familia mbili za Kiislamu zinazokaa mlango kwa mlango katika jengo moja. Kijana wa familia ya kwanza alianza kuvutwa na watu wenye maneno matamu, watu waliomfundisha kwamba dini ni chuki, hadi siku moja akaondoka bila kuaga. Mji ule uliposhambuliwa kwa bomu, lawama ziliziangukia familia zote mbili, yenye kosa na isiyo na kosa. Binti wa familia ya pili alikuwa muuguzi, na wagonjwa walianza kuukataa mkono wake kwa sababu ya mtandio aliovaa. Basi nyumba ya pili nayo ikaogopa, ikaacha kuisalimia nyumba ya kwanza.

Kulikuwa na vichekesho pia. Kulikuwa na babu aliyegombana na lifti kila siku kama vile lifti ni mkwe wake. Lakini mahali ambapo ukumbi mzima ulinyamaza ni pale mama wa kijana alipowaambia majirani, "Mwanangu hajapotea. Ninyi ndio mlioacha kumtafuta."

Siku ya tatu alipokuja peke yake, Giza alimfuata mlangoni akamuuliza kama amedondosha pete humo ndani au vipi, maana kila siku anarudi. Siku ya tano alimruhusu kupanda juu. Wakasimama pande mbili za mtambo unaounguruma, wakipokezana kuchungulia kupitia lile tundu, na walipoikariri filamu yote walianza kuwatangulia waigizaji maneno. Yeye alikuwa mama, Giza alikuwa babu wa lifti. Hawakugusana hata vidole. Lakini mwanga wa mtambo ulipompiga Giza usoni kutoka pembeni, Miwani alijua kwamba shida imemkuta na hataki kuokolewa.

Siku ya nane Miwani alimleta baba yake. Mwalimu, mtu asiyelia hata msibani, alilia wazi ukumbini. Baada ya hapo alipanda ngazi, akamshika Giza mkono kwa mikono yake miwili. "Kijana, filamu hii ingeoneshwa shule zote," alisema. "Watu wajue uchungu wa kumhukumu mtu kwa kosa la ndugu yake."

Alisema hivyo kwa mdomo wake.

"Weka kidevu hapa," Miwani alimwambia mteja wake. "Paji la uso liguse huo mkanda. Usipepese."

Akasogeza kiti, akaweka jicho lake kwenye mashine, na jicho la Giza likamjaa mbele, kubwa, la kahawia, lenye vijistari vya njano kuzunguka mboni. Zamani aliwahi kutamani kulitazama jicho hili kwa karibu namna hii bila kuona haya. Sasa alilitazama kwa ruhusa ya kazi, na haya zikamjaa tele. Pumzi zao zilikutana katikati ya vyuma.

"Una mikono inayotetemeka, dada," alisema Giza kwa upole.

"Ni baridi."

"Baridi? Mimi hapa nalowa jasho."

Alimvika ile fremu nzito ya kupimia, akamwelekeza kwenye ubao wa herufi ukutani, akaanza kubadilisha vioo. Hiki au hiki? Cha kwanza. Na sasa? Bado. Na hiki? Kidogo. Alichagua kwa vidole vinavyoijua kazi hata akili ikiwa mbali. Alipochomeka kioo cha mwisho alisogea pembeni ili aone ubao.

"Sasa je? Nisomee mstari wa chini."

Akagonga ubao kwa kalamu.

"Kaka? Mstari wa chini."

Giza hakuwa anautazama ubao. Alikuwa amegeuza shingo, na macho yake yaliyotulia nyuma ya vioo yalikuwa juu ya uso wake, yakienda polepole kutoka kwenye paji hadi kwenye kidevu, kama mtu anayepita nyumba aliyozaliwa, chumba baada ya chumba.

"Miwani yangu," alisema.

Miwani akakaa kwenye kile kiti kidogo cha magurudumu. "Umeniona lini?"

"Sasa hivi. Lakini tangu uliposema usipepese roho ilishaanza kuniambia. Nikajiambia acha ujinga, mzee mzima." Akaitoa fremu, akairudisha tena haraka, kana kwamba aliogopa atakapoivaa mara ya pili asimkute. "Hujabadilika."

"Muongo mkubwa. Nimenenepa."

"Sikusema hukunenepa. Nimesema hujabadilika."

Wakacheka wote wawili, kisha kicheko kikafa kwa pamoja, kwa sababu kila mmoja alifika mahali palepale penye kidonda.

"Nilisikia uliolewa," alisema Giza.

"Niliolewa. Miaka mitatu, tukaachana kwa amani. Hakuwa mtu mbaya. Hakuwa wewe, basi." Alishangaa jinsi maneno yalivyomtoka bila kupiga hodi. "Na wewe?"

"Nani angenikubali? Kila nyumba niliyokwenda walitaka kujua kwanza mdogo wangu yuko wapi."

Hapo Miwani akainamisha kichwa.

Mdogo wake Giza. Kijana mrefu, mpole, aliyependa kuimba kasida na kuwatengenezea watoto wa mtaa magari ya makopo. Haikufika miezi miwili tangu filamu ile iondolewe ukumbini, kijana yule naye akawa amekwenda. Watu wale wale wa maneno matamu, kana kwamba walishuka kutoka kwenye skrini. Askari walikuja nyumbani kwao wakapekua hadi mito. Mama yao alikuwa fundi cherehani, na katika wiki moja wateja walichukua vitambaa vyao vyote, hata vilivyokwisha kukatwa. Jumba la sinema likamwambia Giza apumzike kidogo, na hakuna aliyemwita tena.

Katikati ya hayo yote Giza alileta posa. Wengine wangesubiri mambo yapoe. Yeye alisema hataki mtu afikirie kwamba amekimbia. Alikuja na baba yake mdogo, wamevaa vizuri, wakakaa sebuleni kwa Mwalimu. Na Mwalimu, aliyelia ukumbini hadi mabega yakatikisika, alisema kwa sauti tulivu, "Kijana sina ugomvi naye. Lakini jina lenu limeshachafuka, na mimi nina mabinti."

Miwani alikuwa upande wa pili wa pazia na sinia la chai mkononi. Vikombe vililia. Akasubiri vinyamaze. Vilipotulia, wageni walikuwa wameshaondoka.

"Nilikuwepo," alisema sasa, sauti yake ikikatika. "Siku ile. Nyuma ya pazia."

"Najua. Niliiona miguu yako kwa chini." Giza alizungumza bila hasira, na hilo ndilo lililouma zaidi. "Baba mdogo alishasimama, anavaa viatu. Nikajifanya kamba ya kiatu changu imefungana. Nikaifungua, nikaifunga, nikaifungua tena. Nilikuwa nasubiri hiyo miguu itembee."

"Nisamehe."

"Ulikuwa na miaka ishirini na mbili."

"Nisamehe hivyohivyo."

Machozi yalimdondoka juu ya koti jeupe. Giza alinyoosha mkono, ukafika nusu ya njia, ukarudi kwenye goti.

"Kuna wakati nilikuchukia," alisema. "Mwezi mmoja hivi. Halafu nilikuwa nikikaa na mama jioni nasema yale maneno ya babu wa lifti, mama anacheka, na mimi nasikia kicheko chako ndani ya kicheko chake. Sasa utamchukiaje mtu wa namna hiyo? Nikaacha."

Redio katika chumba cha nyuma ikazimwa.

Waliisikia ile fimbo ya Mwalimu ikigonga sakafu, kisha kiganja kikipapasa ukuta. Mzee akatokea mlangoni, kofia imekaa upande, macho meupe yameelekea pasipo na mtu.

"Sauti hiyo naijua," alisema.

Giza alisimama. "Shikamoo, Mwalimu."

Miwani alimtazama baba yake, akamwona akiinyoosha kofia yake.

"Marahaba," alisema Mwalimu hatimaye. "Mama yako hajambo?"

"Alitutangulia mwaka jana."

"Innalillahi wa inna ilayhi rajiun." Mzee akashika fremu ya mlango. "Mbona sikuletewa habari?"

"Hatukujua kama ungependa kuletewa, Mwalimu."

Hayakusemwa kwa ukali, lakini Mwalimu alirudi nyuma nusu hatua kama aliyesukumwa kifuani. Miwani akamkimbilia, akamkalisha kwenye kiti cha wateja. Mzee alikaa, akaishika fimbo kwa mikono yote miwili.

"Nitakwambia jambo," alisema, "na wewe binti usinikatishe. Ile filamu mimi huikumbuka kila siku. Macho yamekufa lakini hiyo naiona. Yule mama wa kwenye filamu nilimlilia machozi ya kweli. Wa mtaani kwangu, aliyenishonea sare za shule miaka kumi, nikamfungia mlango. Nilimwona sokoni mara moja baada ya hapo. Akanisalimia. Nikajifanya nachagua vitunguu."

Giza alipiga magoti mbele ya kiti kile, akaishika mikono ya mzee juu ya fimbo.

"Alikusamehe, Mwalimu. Alisema unaogopa tu, na kuogopa si dhambi."

"Ilikuwa dhambi," alisema Mwalimu. "Mimi ndiye niliyeitenda, naijua." Kisha, kwa sauti nyingine, ya tahadhari, akauliza, "Na yule mdogo wako?"

Miwani aliona mabega ya Giza yakikaza.

"Yupo. Aliwatoroka wale watu, akajisalimisha mwenyewe. Amefungwa miaka minne, ametoka. Nakaa naye. Hakumwaga damu ya mtu, lakini alikula na waliomwaga. Hivyo ndivyo anavyosema kila akiulizwa. Hajitetei."

"Yuko wapi sasa?"

"Nje hapo. Ng'ambo ya barabara. Haingii madukani, anasema watu wakimjua wataacha kununua."

Mikono ya Mwalimu ilichomoka taratibu kutoka kwenye ile ya Giza.

"Hapa nje?" alinong'ona. "Mchana huu? Mwanangu, duka hili lina miaka sita tu. Wewe nakukubali. Wallahi leo hata kesho nakukubali, na kama bado una nia na binti yangu sitakuwa mimi wa kuziba njia. Lakini yule... Watu watasema."

Giza aliinuka, akachukua mkoba wake. Hakuonekana kushangaa. "Ninakuelewa, Mwalimu. Ila mimi na yeye tunakuja pamoja. Mama aliniachia. Miwani nitaifuata siku nyingine, au nitaangalia duka jingine."

Alikuwa ameshaelekea mlangoni. Na Miwani alijikuta amesimama palepale, mikono mbele, kama vile bado ameshika sinia, akisubiri kitu kinyamaze.

Hakuna kilichonyamaza. Moyo ulikuwa unapiga kelele.

"Watu walishasema, baba," alisema.

Mzee akageuza uso.

"Walishasema, wakamaliza, wakaenda makwao kula. Tuliobaki na yale maneno ni sisi. Wewe na vitunguu vyako, mimi na vikombe vyangu. Safari ile nilikusubiri useme ndiyo. Leo nimekusikia, nakuheshimu, wewe ni baba yangu. Lakini sisubiri."

"Miwani," alisema Giza. "Usifanye jambo la hasira."

"Nina hasira gani? Hebu nipishe."

Akampita mlangoni. Jua la saa nane lilimpiga usoni, na kwa sekunde chache hakuona kitu. Kisha akamwona. Ng'ambo, kando ya ukuta wa ghala la simenti, mahali pasipo na kivuli hata cha kuweka kiatu, mwanaume mrefu alikuwa amechuchumaa, mikono imezunguka magoti, anatazama vidole vya miguu yake. Alikuwa amekonda. Kola ya shati ilikuwa kubwa kuliko shingo.

Mlango wa pili, muuza vitabu alikuwa kizingitini anapiga soga na wateja wawili. Mshona mapazia wa duka la juu alikuwa ameegemea dirisha lake. Miwani aliwaona wote, na alijua kwamba wanamwona. Barabara ile ilikuwa ya hatua kumi na tano. Alizivuka zote bila kukimbia.

Kijana aliona viatu vyake vimesimama mbele yake. Hakuinua kichwa. "Samahani, dada," alisema haraka. "Namsubiri kaka. Nasogea sasa hivi."

"Usisogee."

Akajua kwamba neno analotaka kulisema likishatoka halirudi, na kwamba mtaa utakuwa nalo kabla ya alasiri. Akalisema kwa sauti ya kumfikia muuza vitabu, na mshona mapazia juu, na mzee aliyeketi kwenye kiti cha wateja ndani ya duka.

"Shemeji! Unachomwa na jua hapa kwa nini, na mimi nina viti ndani?"

Soga ya mlango wa pili ikakatika. Mbele ya duka la Miwani, Giza alikuwa amesimama na mkoba umemning'inia mkononi, mdomo wazi, na ile fremu ya kupimia, ambayo wote wawili walikuwa wamesahau kuivua, bado iko usoni mwake. Alikuwa anaona kila kitu.

Kijana aliinua uso polepole. Alikuwa na macho ya mama yake. Yalimtazama Miwani, yakakimbia, yakarudi.

"Umeniitaje?"

"Umesikia. Inuka."

"Mzee wako..."

Wote watatu waligeukia mlango wa duka. Kisha ikasikika fimbo. Iligonga kizingiti mara moja, mara ya pili, na Mwalimu akatokea juani, mkono mmoja mbele yake akipapasa hewa.

"Yuko upande gani?" aliuliza kwa sauti kali ya darasani. "Mnanisimamisha tu hapa, hamuoni mimi kipofu? Nishikeni mkono, nimpe pole ya mama yake."